AutoCAD LT inanipa ujazo wa udongo mara tano ya hesabu ya mkono: barabara ya mita 200

mchoraji_LT

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwenye hesabu za udongo.

Kazi ni barabara ya kuingilia ghala, urefu mita 200, upana wa usawa wa mradi mita 8. Miteremko ya pembeni ni 1:1 kwenye kukata na 1:1.5 kwenye kujaza (moja kwenda juu, moja na nusu kwenda pembeni). Nina AutoCAD LT 2019 tu. Civil 3D (programu inayohesabu udongo yenyewe) haipo na hakuna bajeti ya kuinunua. Mpima ameleta DWG (faili la mchoro) yenye seksheni (mkato wa kukingama barabara) kila mita 20, kuanzia cheneji (umbali kutoka mwanzo wa barabara) 0+000 hadi 0+200, yaani seksheni 11, na kila moja ina mstari wa ardhi ya asili na mstari wa mradi.

Nimetumia BOUNDARY kupata polilaini (mstari uliofungwa) ya kila kipande, nikasoma eneo kwa AREA, nikaingiza Excel, nikachukua wastani wa seksheni mbili zinazofuatana mara mita 20. Jumla imekuja kukata 2,600 m³ na kujaza 2,500 m³. QS wetu (mkadiriaji majenzi) amepiga kwa kikokotoo, anasema kukata hakuwezi kuzidi 550. Fomula za Excel tumezipitia wote wawili, hazina shida. Pale 0+040, ambapo kina cha katikati ni mita 0.85, AutoCAD inasema kukata ni 37.50 m². Kosa liko wapi?

Swali la pili: mbele ya ghala kuna uwanja wa mita 20 kwa 30 wa kusawazisha. Hauna seksheni, una leveli za gridi ya mita 10 peke yake. Huo nauhesabuje bila programu ya sufesi (uso wa ardhi wa 3D)?

---

nukta_na_mstari

Mkuu, hebu soma skeli iliyoandikwa chini ya zile seksheni. Nina hakika utakuta mlalo 1:500 na wima 1:100, au jozi nyingine yenye uwiano wa 5. Mpima amekuza kimo mara tano ili mabonde na vilima vionekane kwenye karatasi. Kwa kusoma mchoro ni sawa kabisa, ila AREA haijui habari za skeli yako. Inapima kilichochorwa, na kila mita ya kwenda juu imechorwa kama mita tano.

Hakikisha kwa 0+040. Ardhi ikiwa karibu tambarare, eneo la kukata ni (upana + mteremko × kina) × kina, yaani (8 + 1 × 0.85) × 0.85 = 7.52 m². Chukua 37.50 ugawe kwa 5, unapata 7.50. Hapo QS wako yuko sahihi.

Lakini usikimbilie kugawa kila kitu kwa 5. Kugawa kunafaa tu kama mistari yote miwili, wa ardhi na wa mradi, imekuzwa. Kuna michoro ambayo ardhi imekuzwa halafu mtu akaja kubandika umbo la barabara lenye miteremko yake halisi. Hapo eneo limeharibika na hakuna namba ya kugawia itakayolirudisha. Namna ya kujua: chagua mstari wa mteremko wa pembeni, andika LIST, soma pembe. Mteremko wa 1:1 usiokuzwa ni digrii 45, na uliokuzwa mara 5 ni kama 78.7. Ule wa 1:1.5 usiokuzwa ni 33.7, uliokuzwa ni 73.3. (Ukiwa upande wa pili wa barabara LIST itakupa pembe ya kinyume, 135 badala ya 45. Usishtuke.) Ukikuta 45 na 33.7 juu ya ardhi iliyokuzwa, chora upya.

Na usijaribu kurekebisha kwa SCALE, maana inakuza au kupunguza pande zote kwa kiasi kimoja. Ukitaka kuirudisha seksheni kwenye vipimo halisi, ifanye BLOCK, i-INSERT kwa X = 1 na Y = 0.2, kisha EXPLODE. Maandishi yatabonyea, lakini polilaini zenye vipande vilivyonyooka zitakuwa sawa.

---

cheneji_sifuri

Naongezea kwa aliyesema hapo juu. Binafsi naona ni afadhali kuchora upya kutoka Excel kuliko kurekebisha mchoro wa mtu. Seksheni 11 si nyingi.

Kwenye Excel weka umbali kutoka mstari wa katikati safu A (kushoto hasi, kulia chanya) na leveli safu B. Safu C andika `=A2&","&B2` na uishushe hadi chini. Nakili safu C, rudi AutoCAD, andika PLINE, bofya kwenye mstari wa amri, bandika. Mstari wa ardhi unajichora wenyewe. Ili seksheni zisipandane, ongeza kwenye A namba ya kuzisogeza, mfano 0, 40, 80, 120. Kusogeza hakubadili eneo.

Kabla ya kubandika zima vitu viwili. Cha kwanza ni F12. Ingizo la kwenye kishale likiwa limewashwa, nukta ya pili na kuendelea zinaweza kusomwa kama umbali kutoka nukta iliyotangulia, na mstari wako utaondoka kwenda mbinguni. Cha pili ni OSNAP kwa F3, la sivyo nukta zinaweza kuvutwa na mstari wa jirani kwa sentimita chache na wala hutaona kwa macho. Halafu angalia mipangilio ya Windows: kompyuta inayotumia mkato kama alama ya desimali itakuletea "2,5,101,3" na AutoCAD haitajua namba inaishia wapi.

Ukimaliza mstari wa ardhi, weka umbo la barabara kwenye leveli yake ya mradi, kisha EXTEND miteremko hadi iguse ardhi na TRIM inayozidi. Hapa ndipo BOUNDARY huwa inagoma. Mara nyingi sababu ni mteremko ulioishia milimita mbili kabla ya ardhi. Ukivuta kwa karibu pale kwenye kona utaona pengo.

Sababu nyingine ya kugoma ni Z. Mistari inayotoka kwa wapima wakati mwingine ina kimo ndani yake, kwa hiyo kwenye skrini inakutana lakini kwa kweli mmoja uko juu ya mwingine. LT haina FLATTEN (amri ya kulaza vyote kwenye Z sifuri). Njia ya mkato ni MOVE, chagua vyote, nukta ya kwanza `0,0,0`, ya pili `0,0,1e99`. Rudia MOVE kwa vitu vilevile, `0,0,0` hadi `0,0,-1e99`. Z zote zinakuwa sifuri. Fanyia kwenye nakala ya faili, si kwenye lile la mpima.

Baada ya hapo usitumie AREA kipande kwa kipande. Tengeneza leya mbili, KATA na JAZA, kila moja na rangi yake. Weka HATCH (hachi, rangi au mistari ya kujaza umbo) kwenye kila kipande, kukata kwenye leya ya KATA, kujaza kwenye JAZA. Ukibofya hachi moja, Properties inaonyesha Area. Ukichagua kadhaa, inakupa Cumulative Area. Faida yake ni kwamba anayekagua anaona kwa rangi kipi kimehesabiwa na kipi kimerukwa, na seksheni yenye kukata upande mmoja na kujaza upande wa pili haikuchanganyi.

Zile lisp (programu ndogo za AutoLISP) za kuorodhesha maeneo zinazozunguka mtandaoni zisikupotezee muda. LT ilianza kusoma AutoLISP toleo la 2024, ya 2019 haisomi.

---

QS_wa_Ziwa

Mimi ni wa upande wa BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei), nina mawili.

Kwanza, usifunge polilaini moja inayopita kwenye ardhi na mradi kwa pamoja mahali mistari inapokatana. Umbo likijikata kama namba nane, eneo unalopata ni tofauti ya vipande viwili, si jumla yake. Seksheni yenye kukata 3 m² na kujaza 3 m² inaweza kukupa sifuri. Kila kipande kiwe na mpaka wake.

Pili, uwe na njia ya kuhakiki isiyotegemea AutoCAD. Ukiwa na nukta za kipande kimoja kwenye Excel, A2 hadi A10 na B2 hadi B10, nukta ya kwanza ikirudiwa mstari wa mwisho, eneo ni:

`=ABS(SUMPRODUCT(A2:A9,B3:B10)-SUMPRODUCT(A3:A10,B2:B9))/2`

Jaribu kwenye seksheni mbili tatu. Zikilingana na hachi hadi desimali ya pili, endelea. Zikitofautiana mara milioni, mchoro uko kwenye milimita na eneo lako ni mm².

---

mchoraji_LT

Asanteni sana wakuu. Ni kweli, mlalo 1:500 na wima 1:100. Pembe za LIST zinaonyesha mistari yote imekuzwa. Hata hivyo nimechora upya seksheni zote kwa njia ya cheneji_sifuri. Matokeo, m²:

0+000: kukata 4.20, kujaza 0
0+020: kukata 6.80, kujaza 0
0+040: kukata 7.50, kujaza 0
0+060: kukata 3.10, kujaza 0.60
0+080: kukata 0, kujaza 2.40
0+100: kukata 0, kujaza 5.90
0+120: kukata 0, kujaza 8.30
0+140: kukata 0, kujaza 6.10
0+160: kukata 0.40, kujaza 1.70
0+180: kukata 3.60, kujaza 0
0+200: kukata 5.00, kujaza 0

Jumla: kukata 520 m³, kujaza 500 m³. Kwa hiyo udongo unatosha, na unabaki wa m³ 20 wa kumwaga. Niandike hivyo?

---

tipa_kumi

Usiandike hivyo mkuu. Utaishiwa udongo tuta likiwa limefika kama nusu tu.

Hesabu za kuzidisha ziko sawa, nimezirudia. Kasoro ni kulinganisha 520 na 500 kana kwamba ni udongo uleule. Mita moja ya ujazo iliyoko ardhini haijawa mita moja kwenye tuta, na kwenye tipa ni kitu kingine tena.

Anza na udongo wa juu. Ule wenye mizizi na mboji hauingii kwenye tuta, unakwanguliwa, kwa kawaida sm 15, wakati mwingine 20. Mstari wako wa ardhi ni wa kabla ya kukwangua. Chukulia upana wa kukwangua ni wastani wa mita 10, na kutokana na jedwali lako karibu mita 100 ni kukata na mita 100 ni kujaza. Upande wa kukata: 100 × 10 × 0.15 = 150 m³ za ile 520 ni udongo wa juu, zinabaki 370 zinazofaa. Upande wa kujaza: ukishakwangua umechimba shimo la m³ 150 chini ya tuta, nalo linajazwa. Kujaza kunakuwa 650.

Kisha kushindilia. Udongo wa kawaida ukishashindiliwa vizuri hupungua kuliko ulivyokuwa ardhini. Kabla ya majibu ya maabara wengi hutumia 0.9. Ili upate 650 zilizoshindiliwa unahitaji 650 / 0.9 = 722 zilizoko ardhini. Unazo 370. Pungufu ni 352, za kuleta kutoka machimbo ya moramu.

Mwisho ni kuvimba. Kijiko kikishachimba, udongo unalegea. Kwa moramu na udongo wa kawaida kuzidisha kwa 1.25 ni makadirio ya kuanzia, na mwamba uliovunjwa huvimba zaidi, 1.5 na kuendelea. 352 × 1.25 = 440 m³ zilizolegea. Tipa la m³ 10 ni safari 44.

Kwa hiyo umetoka kwenye "unabaki wa m³ 20" ukaingia kwenye tipa 44 za kununua. Mkandarasi aliyejaza bei kwa jedwali lako la kwanza angekutafuta.

Vizidisho hivyo usivipeleke kwenye BOQ kama ukweli wa eneo lako. Uwiano wa kweli unatoka kwenye uzito mkavu wa udongo ukiwa ardhini ukigawanywa na uzito mkavu unaotakiwa kwenye tuta. Kama maabara imepata 1,580 kg/m³ ardhini na tuta linatakiwa liwe 1,760, uwiano ni 0.898.

---

QS_wa_Ziwa

Nakubaliana na tipa_kumi, ila tutofautishe hesabu ya kupanga kazi na hesabu ya kulipa. Kwenye BOQ nyingi za barabara kujaza hulipwa kwa ujazo ulioshindiliwa, unaopimwa kwenye seksheni za mradi, na kukata hulipwa kwa ujazo wa ardhini. Kuvimba na safari za tipa ni mzigo wa mkandarasi ndani ya bei yake. Soma utangulizi wa vipimo kwenye mkataba wako ndipo uamue namba ipi inakaa safu ipi. Kukwangua kunakuwa na mstari wake kwa m² au m³, na kama umekutenga usikuhesabu tena ndani ya kukata.

Jambo lingine dogo kwenye jedwali lako. Kati ya 0+060 na 0+080 kukata kunatoka 3.10 hadi sifuri. Wastani mara 20 unakupa m³ 31.0. Lakini umbo linalochongoka hadi kuisha linakaribia piramidi, 3.10 × 20 / 3 = 20.7. Njia ya wastani huzidisha pale eneo linapobadilika haraka. Kwenye 520, m³ 10 ni asilimia 2, hakuna atakayegombana. Ila kama barabara inapanda na kushuka mara kwa mara, mwambie mpima aongeze seksheni pale ardhi na mradi vinapokutana, hata kama cheneji si namba nzima. Hiyo inasaidia kuliko kubadili fomula.

---

nukta_na_mstari

Fomula ya prizimoidi ipo, L/6 × (A1 + 4Am + A2). L ni umbali kati ya seksheni mbili, A1 na A2 ni maeneo yake. Am ni eneo la seksheni ya katikati yenyewe, si wastani wa maeneo mawili. Ukiweka wastani wa A1 na A2 mahali pa Am unarudi palepale ulipotoka. Kosa hili limejaa kwenye majedwali ya Excel yanayosambazwa.

---

cheneji_sifuri

Sasa uwanja wa ghala. Huo hauhitaji seksheni kabisa.

Gridi ya mita 10 kwenye mita 20 kwa 30 inakupa miraba 6 na nukta 12. Kwenye kila nukta andika tofauti ya leveli ya ardhi na leveli ya mradi. Nukta ya kona inagusa mraba mmoja, ya pembeni miwili, ya ndani minne. Basi jumlisha kona mara 1, za pembeni mara 2, za ndani mara 4, kisha zidisha kwa eneo la mraba mmoja gawa kwa 4. (Uwanja wenye umbo la L una pia nukta inayogusa miraba mitatu, hiyo ni mara 3.)

Mfano wa kukata tupu. Kona: 0.40, 0.70, 0.90, 1.20, jumla 3.20. Pembeni: 0.50, 0.55, 0.65, 0.80, 0.95, 1.05, jumla 4.50, mara 2 ni 9.00. Ndani: 0.70 na 0.85, jumla 1.55, mara 4 ni 6.20. Zote 18.40. Ujazo ni 18.40 × 100 / 4 = 460 m³. Hakiki haraka: 460 / 600 ni kina cha wastani mita 0.77, kinaelekea kuwa sawa na namba zenyewe.

Inaharibika pale nukta nyingine ni kukata na nyingine ni kujaza. Ukizijumlisha na alama zake unapata tofauti ya kukata na kujaza peke yake, na tofauti sifuri inaweza kuficha m³ 200 za kuhamisha. Kwenye LT chora mistari ya gridi, na kila upande wenye alama mbili tofauti weka nukta ya sifuri kwa uwiano: upande wa mita 10 wenye +0.30 na −0.20 una sifuri mita 6 kutoka kwenye +0.30. Unganisha nukta hizo, utapata mpaka wa kukata na kujaza. Mraba uliopitiwa na mpaka, soma eneo la kila kipande kwa hachi na uzidishe kwa wastani wa vimo vya kona za kipande hicho, sifuri zikiwemo. Miraba mizima iende kwa fomula ya kawaida, mmoja mmoja.

Usisahau kingo. Gridi inahesabu mita 20 kwa 30 zenye kuta wima. Ukikata mita 1.20 kwenye kona kwa mteremko wa 1:1, kuna pembetatu inayozunguka nje ya uwanja, eneo lake ni kina × kina / 2 kwa kila mita ya ukingo. Kwa kina cha 0.77 ni kama 0.30 m², mara mzingo wa mita 100 ni m³ 30 hivi. Ni zaidi ya asilimia 6 ya ile 460.

---

mchoraji_LT

Imeeleweka wakuu. La mwisho: pale 0+100 hadi 0+140 barabara inapinda, nusu-kipenyo mita 30. Mita 20 za kwenye mstari wa katikati zinatosha au kuna marekebisho?

---

nukta_na_mstari

Inategemea eneo la kujaza limeegemea upande gani. Tuta likiwa sawa pande zote mbili, acha hivyo hivyo. Likiwa upande mmoja, kitovu cha eneo hakiko kwenye mstari wa katikati na kinasafiri umbali tofauti. Kitovu kikiwa mita 1.5 nje ya mstari, zidisha kwa (30 + 1.5) / 30 = 1.05. Kikiwa upande wa ndani ya kona, (30 − 1.5) / 30 = 0.95. Kitovu unakipata kwa kugeuza mpaka kuwa REGION kisha MASSPROP, soma Centroid na utoe X ya mstari wa katikati. Kwako, m³ 286 za vipande hivyo viwili zikigeuka kwa asilimia 5 ni m³ 14. Kama kitovu kiko ndani ya nusu mita usijisumbue.